Majina ya ukoo: Kutoka saraka za Ayalandi hadi daftari za Kakamega

Ukitoka Kakamega mjini ukashika barabara ya Malava, hatimaye utafika Webuye. Wasafiri wa enzi za ukoloni hawakulijua jina hilo. Kwenye ramani zao na kwenye kituo cha reli, pahali hapo paliitwa Broderick Falls. Mbele kidogo, mpakani na Likuyani, ule mji tunaouita leo Moi's Bridge uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la Cecil Hoey, mwindaji na mlowezi aliyejenga daraja la kuvukia mto Nzoia. Majina hayo mawili yaliondolewa baada ya Uhuru, ila hayajatoka kabisa midomoni mwa wazee.

Mtu anayefuatilia majina ya Kiayalandi akiyasikia hayo, sikio lake husimama mara moja. Broderick ni umbo la Kiingereza la jina Ó Bruadair. Hoey nalo hutokana na Ó hEochaidh, jina lile lile lililozaa Haughey. Basi je, tuseme Magharibi mwa Kenya kulipewa majina na Waayalandi? Hapana, tusiwe na pupa. Broderick laweza pia kutoka Wales, kwenye maneno 'ap Rhydderch', yaani mwana wa Rhydderch. Jina ni moja, lakini njia zake ni mbili. Anayetaka kujua ni Broderick yupi aliyeacha jina lake kwenye maporomoko ya Nzoia hawezi kutegemea sikio. Atalazimika kufungua saraka, yaani vile vitabu vya zamani vilivyoorodhesha wakazi wa mahali, kazi zao na anwani zao.

Katika makala haya nadhamiria kuonyesha jinsi saraka na daftari za zamani zinavyoweza kutusaidia kufuata majina ya ukoo, na jinsi zinavyoweza kutupoteza. Nitaanzia Ayalandi kisha nirudi Kakamega, kwa sababu yaliyowapata Waayalandi kuhusu majina yao yanafanana mno na yaliyotupata sisi.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Fomu za benki, shule na hospitali hutuuliza 'jina la ukoo'. Wengine husema 'jina la familia', na wanaoipenda lugha ya vitabu husema 'ubini', neno lililotokana na 'bin' la Kiarabu. Wengi hudhani maneno haya matatu yana maana moja. Hebu yajaribuni Kakamega muone. Mtu wa Mumias aliyezaliwa katika ukoo wa Abashitsetse, ukoo wa kifalme wa Wawanga, hana 'Abashitsetse' popote kwenye kitambulisho chake. Kilichoandikwa pale mwisho ni jina la baba yake au la babu yake, ambalo kwa kweli ni ubini. Ukoo wenyewe haumo. Na bado siku ya posa hakuna mzee atakayeuliza jina la tatu kwenye kitambulisho. Ataulizia ukoo, maana ndio unaoamua nani aoane na nani. Kumbe kwenye fomu zetu tunaandika kitu kimoja na kukiita jina la kingine.

Waayalandi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza barani Ulaya kuwa na majina ya ukoo ya kurithishana. Desturi hiyo ilienea kwao katika karne za 10 na 11. Waliyaunda kwa viambishi viwili: 'Mac', maana yake mwana wa, na 'Ó', maana yake mjukuu au mzao wa. Ó Briain ni mzao wa Brian. Mac Gabhann ni mwana wa mhunzi. Msomaji wa Kenya haoni ajabu yoyote hapo. Wakalenjin wana 'arap', Wamaasai wana 'ole', Wakikuyu wana 'wa', na Waswahili wana 'bin' na 'binti'.

Kisha Waingereza wakaja na kalamu. Mwaka wa 1465 ilipitishwa sheria iliyowataka Waayalandi wa Dublin, Meath, Louth na Kildare watwae majina ya Kiingereza: ama ya mji, ama ya rangi, ama ya kazi ya mkono, ama ya cheo. Sheria hiyo haikufanikiwa mara moja, ila mwelekeo ulikwisha kuwekwa. Katika karne zilizofuata makarani waliandika majina ya watu kama walivyoyasikia wao, si kama wenyewe walivyoyatamka. Ó Gallchobhair akawa Gallagher. Ó Murchadha akawa Murphy. Mac Gabhann kwingine akabaki McGowan na kwingine akatafsiriwa moja kwa moja kuwa Smith, kwa hiyo ndugu wawili wangeweza kuishia na majina yasiyofanana hata herufi mbili. Maelfu waliiangusha 'O' na 'Mac' ili wapate kazi au wasibughudhiwe. Ni baada ya mwaka wa 1893, ilipoanzishwa Jumuiya ya Kigaeli ya kufufua lugha yao, ndipo wengi walipoanza kuirudisha ile 'O'. Hata ile alama ya ritifaa tunayoiona katika O'Brien si ya Kiayalandi. Katika lugha yenyewe ni 'Ó' yenye mkwaju juu, na Waingereza waliugeuza mkwaju huo kuwa ritifaa.

Hapo ndipo penye mzaha mmoja ambao wasomaji wengi wanaukumbuka. Barack Obama alipogombea urais wa Marekani, Waayalandi walimwita 'O'Bama'. Ulikuwa utani, lakini chini yake palikuwa na ukweli uliotoka kwenye daftari. Rekodi za kanisa la Moneygall, katika kaunti ya Offaly, zilionyesha kwamba babu yake mmoja upande wa mama, Falmouth Kearney, aliondoka kijijini hapo mwaka wa 1850 wakati wa ile Njaa Kuu. Obama alikizuru kijiji hicho mwezi Mei 2011. Lakini 'O' ya Obama haihusiani kabisa na 'Ó' ya Kiayalandi. Ni ile O- ya Kijaluo inayoanzia majina mengi ya wanaume, kama Otieno na mwenzake wa kike Atieno. Herufi ni ile ile, ila kazi yake katika lugha moja si kazi yake katika nyingine. Mtafiti anayefuata herufi bila kufuata lugha atampeleka Mjaluo Dublin.

Kwa nini Waayalandi hutegemea saraka kiasi hicho? Kwa sababu nyaraka zao nyingine ziliteketea. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa huko Dublin lililipuka na kuungua. Sehemu kubwa ya sensa za kuanzia 1821 hadi 1851 ikawa majivu. Zile za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe. Sensa kamili za zamani zilizosalia ni za 1901 na 1911. Basi wajukuu wa waliohama wakashika vilivyobaki: saraka za biashara kama ile ya Thom iliyoanza 1844, na daftari la ukadiriaji wa kodi ya ardhi lililosimamiwa na Richard Griffith kati ya 1847 na 1864. Daftari la Griffith lina majina ya karibu watu milioni moja waliokalia mashamba na nyumba. Lakini lina pengo kubwa. Lilimwandika mwenye kulipa tu. Mke, watoto na kibarua asiye na nyumba hawamo.

Tuliweke wazo hilo akilini: daftari la kodi humwona mlipaji, wengine haliwaoni.

Sasa turudi nyumbani. Saraka zetu za zamani ni zipi? Ya kwanza ni Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kutolewa mwaka wa 1899. Ukilisoma kwa subira utakuta orodha za wapiga kura wa Kizungu, walioanza kuchagua wawakilishi wao mwaka wa 1920, maombi ya leseni za vileo, usajili wa kampuni, na matangazo ya mirathi ya waliofariki. Ya pili ni vile vitabu vya mwongozo na saraka vilivyochapishwa na gazeti la East African Standard, maarufu kama Red Book. Humo mlowezi alikuwa na jina, kazi na sanduku la posta. Ukitaka kumfuata Broderick au Hoey, hapo ndipo pa kuanzia: ulimpata mwaka gani, wilaya gani, akifanya kazi gani, na ni nani aliyesimamia mirathi yake alipokufa. Tangazo la mirathi aghalabu hutaja alikotoka marehemu au waliko jamaa zake. Hapo ndipo unapoweza kuvuka bahari na kulitafuta jina hilo hilo katika saraka ya Ayalandi au ya Wales. Kabla ya hapo unabahatisha tu.

Mfano mzuri wa faida ya kufungua daftari ni Mukumu, kilomita chache kusini mwa Kakamega mjini. Mazoea ya mtaani ni kumwita kila padri wa Kizungu wa zamani 'Father wa Ireland'. Ni kweli Waayalandi walifanya kazi kubwa ya umisionari Afrika Mashariki. Mama Kevin, aliyezaliwa Teresa Kearney huko Arklow mwaka wa 1875, alifika Uganda mwaka wa 1903 na anakumbukwa hadi leo. Lakini waliosimamia misheni ya Kavirondo walikuwa wa shirika la Mill Hill, na majina ya wakuu wao yanasema mambo mengine. Gorgonius Brandsma, aliyeiongoza misheni hiyo kuanzia 1925, na Nicholas Stam aliyemfuata, walikuwa Waholanzi. Sikio la mtaani lilisema Ayalandi, orodha ikasema Uholanzi.

Na Kearney je? Wasomaji wameona kwamba Mama Kevin na yule babu wa Obama walikuwa na jina moja. Msikimbilie kuwafanya ndugu. Kearney ni jina lenye zaidi ya chimbuko moja huko Ayalandi, kama Broderick. Kinachodumu kwetu ni majina yao ya kwanza. Patrick, Brian, Bridget na Kevin yamejaa katika madarasa ya Kakamega, na sisi huyaita 'majina ya Kizungu' kana kwamba yametoka London. Kevin ni Caoimhín, mtakatifu wa Glendalough. Majina haya yalipitia kwenye ubatizo na wala hayakuhitaji saraka.

Basi, katika hizo saraka, Waafrika wa Kakamega walikuwa wapi?

Angalia mwaka wa 1931. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega, mamia ya Wazungu walimiminika kutoka mashamba ya Turbo, Kitale na Eldoret, wengine wakiwa wamefilisika kwa mdororo wa uchumi wa dunia. Walipiga vigingi katikati ya mahindi ya watu. Sheria ya mwaka wa 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, itafidiwa kwa ardhi nyingine. Desemba 1932 serikali iliibadilisha haraka haraka ili fidia iweze kuwa pesa, na bila kulazimika kulishauri baraza la wenyeji kwanza. Arkidikoni Owen wa Kanisa la Anglikana alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kupinga.

Soma nyaraka zilizochapishwa za enzi hiyo. Mwenye leseni ya kutafuta dhahabu ana jina. Kampuni ina jina. Rosterman, mgodi uliofungwa mwaka wa 1952, umeliacha jina lake kwa mtaa wa Kakamega ambao hadi leo watu wanapanda bodaboda kwenda. Lakini mwenye shamba lililochimbwa mara nyingi ni 'wenyeji' tu, au 'wakazi wa lokesheni fulani'. Mtu ambaye wajirani wake walimjua kwa jina lake, la baba yake, la babu yake na la ukoo wake, kwenye karatasi akageuka kuwa nomino ya jumla. Kejeli ya historia ni kwamba miongoni mwa waliokuwa na majina kwenye orodha hizo, mwenye asili ya Kiayalandi angekuwa anabeba jina ambalo dola ile ile ilikuwa imelipondaponda karne kadhaa nyuma.

Sisemi kwamba Waafrika hawakuandikwa kabisa. Waliandikwa katika daftari za aina nyingine. Kulikuwa na daftari za kodi ya nyumba. Kulikuwa na kipande, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka wa 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, chenye jina la mwanamume, alama za vidole na rekodi ya waajiri wake. Kulikuwa na rejista za ubatizo za Wakatoliki, Waanglikana na wengineo. Baadaye, kuanzia miaka ya 1960, zikaja rejista za ardhi, ambazo namba zake zenyewe ni somo la historia: Butsotso/Shikoti, Isukha/Shirere. Katika namba hizo jina la watu na jina la kijiji chao yamesalia, hata pale ambapo jina la mwenye shamba limeandikwa vibaya.

Na yaliandikwa vibaya, bwana! Tofauti za lahaja za Kiluhya zilikutana na tofauti za misheni. Penye 'si' ya Wabukusu, wenzao wa Marama hutamka 'shi', ndiyo maana tuna Sikuku na Shikuku. Sauti 'kh' ya Mukhwana, jina la pacha, ni rahisi kugeuka 'k' kwenye kalamu ya karani asiyeizoea. Jina la jamii yenyewe limeandikwa Luyia, Luhya na Luhia. Appleby wa misheni ya Butere alichapisha sarufi yake ya Kiluhya mwaka wa 1947 katika jitihada za kuleta tahajia moja, lakini kufikia hapo majina ya watu yalikuwa yamekwisha kukauka kwenye daftari. Hata mji wa Mumias unabeba kosa la kisarufi. Ni 'Mumia's', yaani 'kwa Mumia', Nabongo wa Wanga. Kimilikishi cha Kiingereza kimemezwa na jina likawa neno moja.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa kuliko tahajia, nalo ni la wanawake. Mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula, msichana ni Nafula. Wekesa wa mavuno ana Nekesa, Wanjala wa njaa ana Nanjala. Kiambishi kinatenganisha jinsia waziwazi. Fomu ya serikali haikulijua hilo. Nafula akiolewa na kutwaa jina la mume huwa Bi. Wafula, na binti yao anaandikwa Mary Wafula. Kisarufi tumemwita 'Mary mwanamume wa mvua'. Waayalandi walifikwa na jambo hilo hilo. Katika lugha yao binti wa Ó Briain ni Ní Bhriain na mkewe ni Uí Bhriain. Kiingereza kikafuta tofauti hizo, wote wakawa O'Brien, yaani 'mjukuu wa kiume wa Brian', awe ni nani. Mtafiti anayemtafuta bibi yake katika daftari la kodi, huko au huku, hugonga ukuta.

Ndiyo maana rejista ya ubatizo ni johari. Karani wa kodi alimwandika mwenye nyumba. Padri, kwa Kilatini chake cha 'Patricius' na 'Josephus', alimwandika mtoto, baba, mama, msimamizi wa ubatizo na kijiji. Mama yumo! Waayalandi walilielewa hilo mapema. Mwaka wa 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliweka kwenye intaneti, bila malipo, picha za rejista za parokia za Kikatoliki za nchi nzima.

Pengine msomaji anajiuliza: haya yote yana faida gani, kama si burudani ya wazee waliostaafu? Fungua Gazeti Rasmi la Ijumaa yoyote. Kurasa kwa kurasa ni matangazo ya mirathi na ya hatimiliki zilizopotea. Chini ya Sheria ya Urithi, anayepinga ana siku 30 tangu tangazo kutoka. Sasa chukua familia ambayo hati ya shamba inamwita babu 'Mukwana', kitambulisho chake kilisema 'Mukhwana', na cheti cha kifo kinatumia jina la ubatizo pekee. Ni mtu mmoja au ni watu watatu? Mahakama haiwezi kukisia. Wajukuu wataapa viapo, watalipa mawakili, na wakati huo huo jirani aliyeanza kuusogeza mpaka hasubiri. Rejista ya parokia inayosema mtoto wa nani alibatizwa lini na katika kijiji gani inaweza kuwa ndiyo daraja kati ya majina hayo matatu. Na mara nyingi aliyepotea kabisa kwenye karatasi ni bibi au binti, ambaye sheria inampa haki ya kurithi lakini daftari halimjui.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, rejista za zamani za parokia na za misheni zipigwe picha kabla mchwa na unyevu wa Kakamega hazijazimaliza. Idara ya Kumbukumbu za Taifa ina kituo mjini Kakamega, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko hapo hapo. Kazi hii haihitaji kusubiri wageni. Pili, anayeandika jina la mtoto leo aulize kwanza maana yake na tahajia yake katika lahaja ya wazazi. Kiambishi Na- au Wa- si pambo. Tatu, kila familia iwe na daftari lake. Liandikwe majina yote ya kila mtu: la kuzaliwa, la ubatizo, la utani, na lile la kwenye kitambulisho. Kando yake kuandikwe ukoo wa baba na ukoo wa mama.

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Ni kweli, ila karani hakuwa gizani. Alikuwa mezani, ana taa na kalamu, na aliandika alichosikia. Tulichobakiwa nacho ni kuisoma kazi yake kwa makini, kuilinganisha na walichosema wazee wetu, na kusahihisha pale panaposahihishika wakati wenye kukumbuka bado wako hai.